Wakesho wa Ziwa Jipe na Mapanga Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Tryphena Wakesho. Tryphena Wakesho, mwanamke wa Sagalla aliyeishi kando ya Ziwa Jipe, na ambaye majirani wanasema hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi.

Alizaliwa Sagalla, mlimani, ambako maji ni ya kutafuta. Alipoolewa Jipe, akiwa na miaka ishirini na miwili, aliingia ziwani na viatu miguuni. Akasimama humo, maji magotini, milima ya Upare mbele yake, akamuuliza mumewe, "Haya yote ni ya nani?"

Mume alifariki mapema. Wakesho akaichukua boti yake, akawa anawapeleka wageni kuona ndege, viboko, na ndovu wanaoshuka kunywa maji kutoka Tsavo. Lakini yeye mwenyewe uzuri huo hakuufaidi. Macho yake yalikuwa kwenye magugu. Magugu ya Jipe humzidi mtu urefu, na kila mwaka yanasogea. Njia ya boti ilikuwa pana kama barabara, ikawa kichochoro. Wakesho alitoka kanisani katikati ya mahubiri kwenda kutazama upepo umegeukia wapi.

"Mama alikuwa nasi mezani, lakini masikio yalikuwa ziwani," anasema mwanawe, Maxwell.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Agosti ya 2019.

Kwaya ya kanisa kutoka Mraru ilikuja kutembea. Watu kumi na mmoja. Wakesho akawaambia, "Baada ya saa saba hamwingii. Upepo unabadilika."

Mwalimu wa kwaya, Silvanus, akacheka. "Mama, tumetoka mbali. Nusu saa tu."

Wakampata mwenye boti mwingine, Nicholas, akawapakia. Wakesho akaenda zake nyumbani kwa hasira. Jambo hilo lilimsumbua mpaka mwisho, kwamba aliwapa kisogo.

Upepo ukaja. Pande kubwa la magugu likang'oka, likaelea, likaziba njia. Boti ikanaswa. Mbele magugu, nyuma viboko. Nicholas akapiga simu: "Mama Maxwell, tumefungiwa! Viboko wako karibu, na hawa watu wameanza kulia."

Wakesho hakungoja amalize. Alikuwa tayari anakimbia.

Aliingia na Maxwell kwa mtumbwi, mapanga mawili. Walikata kwa saa tatu. Saa tatu, wasikilizaji. Magugu yalimchana mikono hadi viwiko. Kila alipopoteza mwelekeo aliita, "Imbeni nijue mko wapi!" Nao wakaimba, naye akakata kuifuata sauti. Kabla jua halijazama, wote kumi na mmoja, na Nicholas, walikanyaga nchi kavu.

Wiki iliyofuata kwaya ilirudi na mbuzi wa shukrani. Wakesho akamtazama yule mbuzi. "Rudini naye. Mimi nataka mapanga kumi na moja, kila Agosti. Ile njia ikifungwa kabisa, siku nyingine sitawafikia watu."

"Tutakuja, mama," akasema Silvanus. Na walikuja. Kila Agosti walikuja, wakakata magugu.

Mwaka jana moyo wake ulianza kudhoofika. Mdogo wake, Everlyne, alimpigia simu kutoka Sagalla: "Dada, rudi nyumbani upumzike." Wakesho akasema, "Wiki ijayo." Alisema hivyo wiki saba.

Alifariki mwezi uliopita, hospitalini Taveta, akiwa na miaka hamsini na tisa. Akazikwa Sagalla, kama Everlyne alivyotaka.

Siku ya mazishi, kwaya ya Mraru iliimba nyimbo mbili, kisha, chakula hakijapakuliwa, wakaanza kupanda gari. Everlyne akawafuata. "Mnamwacha dada yangu hata udongo haujakauka?"

Silvanus akamjibu kwa upole, "Mama, upepo umevuma tangu Jumatano. Njia imeziba."

Everlyne akamwambia mumewe awahudumie wageni. Akavua viatu vya mazishi, akavaa malapa, akapanda gari. Hakuwa amewahi kufika Jipe. Miaka thelathini na saba alilihesabu ziwa lile kama mtu aliyemnyang'anya dada.

Jumapili asubuhi walikata. Panga Everlyne hakuliweza, kwa hiyo alivuta magugu hadi ufukweni. Kufikia saa sita, boti moja ikapita.

"Nilikwenda nikitaka kulichukia lile ziwa," anasema Everlyne. "Sikupata nafasi. Kazi ilikuwa nyingi."

Kwa Maxwell, kwa Everlyne, kwa jamaa wote wa Sagalla na Jipe, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nawe uliye na redio mkononi, tafakari. Maxwell alipima njia jana. Tangu Jumapili ile imeshapungua upana hatua mbili. Na watu kumi na mmoja hawatoshi.