Bi. Rukaiya Mshamu na Programu Aliyoiita Kungwi

Bi. Rukaiya Mshamu anastaafu tarehe 30 Juni 2003, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Duka la Uchapaji la Bachubhai, hapa Kibiti. Kilichodumu kumpita ni mashine ya kukatia karatasi tu, nayo imeshabadilishwa kisu mara nyingi.

Alizaliwa Mahege. Alipoanza kazi, maneno yalipangwa kwa herufi za risasi, moja moja. Zilikuwapo za Kirumi na za Kiarabu, maana wazee wengi wa huku walisoma chuoni, yaani madrasa, na Kiswahili chao wanakiandika kwa herufi za huko. Bi. Rukaiya alizijua zote kwa kuzipapasa. Biashara zilipofunguka, Mzee Bachubhai alinunua kompyuta, na herufi za risasi zikauzwa kwa kilo. Shabir, mpwa wa Mzee, aliyeileta kompyuta hiyo kutoka Dar es Salaam, alikaa nasi miezi miwili akimfundisha Bi. Rukaiya kuandika programu.

Mteja wetu mkubwa ni boti ya kliniki inayochanja watoto wa delta. Siku zake hufuata maji kujaa na kupwa, hivyo kila mwezi tunachapa tangazo jipya. Baada ya risasi kuuzwa, matangazo yakawa ya Kirumi peke yake. Bi. Kijakazi wa Salale, anayelea mjukuu, aliikosa boti mara mbili kwa sababu aliyemsomea alikosea siku. Mtoto akapata surua, akanusurika. Bi. Kijakazi alikuja mpaka dukani, akakaa kwenye benchi. "Rukaiya mwenzangu," alisema, "mimi si kipofu. Niandikie ninachokijua."

Bi. Rukaiya akaanza kuandika programu ya kuchapa Kiarabu. Ikakwama kwenye kompaila, yaani programu inayosoma amri alizoandika mtu na kuzigeuza ziwe za mashine. Kompaila yetu ilizoea Kirumi, ambapo kila herufi hukaa katika chumba kimoja cha kumbukumbu. Herufi za Kiarabu alizoziingiza zilikuwa pana, kila moja ikitaka vyumba viwili. Kompaila ikasoma chumba kimoja kimoja. Nusu ya alifu, herufi ya kwanza ya Kiarabu, ikafanana kabisa na alama ya kufungia herufi; kompaila ikadhani herufi imekwisha, ikayakataa yote yaliyofuata.

Shabir alishauri kwa simu kwamba jambo hilo liachwe. Mzee Bachubhai akacheka: "Bi. Rukaiya, hii mashine haijaenda chuo!"

"Basi itafundwa, Mzee," akajibu.

Aliandika programu nyingine ndogo, akaiita Kungwi. Kazi yake ilikuwa kuyaweka maandishi tayari kabla hayajapelekwa kwa kompaila, kama mwali anavyofundwa kabla ya kutolewa nje. Kungwi aliichukua kila herufi pana akaiandika kwa namba yake, kwa tarakimu za kawaida ambazo kompaila iliziweza. Wakati wa kuchapa, namba ikarudi kuwa herufi.

Tangazo la kwanza lilitoka zuri. Bi. Gangaben, mke wa Mzee, kwa furaha alilibandika mlangoni juu chini, na asubuhi nzima wateja waliingia wamepinda shingo. La pili lilikwenda Salale. Bi. Kijakazi alilisoma mwenyewe, akampeleka mjukuu siku ile ile iliyoandikwa, na salamu zake zilitufikia: "Mwambieni Rukaiya, leo tangazo limeniamkia mimi."

Tangu hapo hakuna mwezi uliopita bila Kiarabu. Alipotaja kustaafu, wengi tuliogopa kwamba matangazo hayo yataondoka naye. Yeye hakuogopa. Wiki iliyopita, katika kompyuta mpya, aliingiza tangazo la Julai bila kumpitisha Kungwi. Kompaila ya sasa inaisoma herufi pana nzima, alifu na nyingine zote. Karatasi ilipotoka aliisoma hadi mwisho, akaizima kompyuta ya zamani.

"Mwali katoka," akasema. "Kungwi akapumzike."

Bi. Rukaiya, ahsante kwa miaka yako yote hapa. Tangazo la Julai limeshapakiwa kwenda Salale. Mungu akupe afya, shamba lenye mavuno na usingizi mzuri huko Mahege. Maisha yako yawe mema.

Mwanaamina Kondo, kwa niaba ya wafanyakazi wa duka