Soksi Niliyoitoa Mbele ya Kamati

Wapenzi, hamjambo? Mnaitika kama watu walionyimwa chai! Haya. Leo nitasema titi. Msiinamishe vichwa, hapa sote ni wa saratani moja.

Langu la kushoto lilikatwa Nakuru. Majirani kijijini kwetu Bahati niliwaambia ni vidonda vya tumbo. Nikajaza soksi ya mzee wangu kwenye brazia, nikarudi kanisani kuongoza kina mama. Wakati wa kupeana amani nilinyoosha mkono kwa mbali, nikiogopa kukumbatiwa. Ndugu zangu, nawaambia, nilijichukia. Nilikuwa naoga nimefumba macho.

Basi tukapata msichana wa kutuchorea ukuta nyuma ya altare. Akachora Bikira Maria akimnyonyesha mtoto Yesu, titi nje kama mama yeyote pale sokoni. Heh! Jumapili hiyo hakuna aliyesikia mahubiri. Kamati ikaitwa. Dada mmoja, simtaji, alikuwa mkali kuliko wanaume wote.

“Hiyo ni aibu! Watoto wetu wanaangalia nini? Ifunikwe!”

“Kwani Yesu alilelewa na nini, mathe?” msichana akamuuliza. “Maziwa ya pakiti?”

Hakuna aliyecheka. Wakanigeukia mimi, niseme kwa niaba ya kina mama. Nilitaka kusema ifunikwe twende nyumbani. Lakini nikaangalia ule ukuta. Mtoto ameshika titi la mamake kwa mkono mmoja, vile watoto wangu wote wanne walivyolishika langu. Machozi yakanitoka. Nikaingiza mkono kwa blauzi, nikatoa soksi, nikaiweka mezani mbele ya katekista.

“Langu lilikatwa,” nikasema. “Nalililia kila siku. Mnataka kuniambia ninalilia aibu?”

Msidhani nilishinda. Walipiga kura, na Maria akachorewa kitenge cha kumfunika hadi shingoni. Kuna walioacha kunisalimia. Nilijuta, nikalala bila kula.

Siku chache baadaye yule dada mkali akaja kwangu. Hakuketi. Alifunga mlango, akachukua mkono wangu, akauweka kifuani pake. Kulikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa la avokado.

“Uko hapo tangu Krismasi,” akasema. “Ile picha ningeiangaliaje, mama?”

Tulienda hospitali pamoja. Walisema amechelewa, lakini wameanza dawa.

Nawashukuru nyinyi mlionipokea. Namshukuru mzee wangu, aliyejua soksi yake iko wapi na hakuuliza. Na neno langu ni hili: Mungu mwenyewe alikubali kuzaliwa na mwili, akanyonya. Sasa sisi tunauonea haya mpaka unatuua? Jishikeni, jiangalieni, mwende hospitali mapema.

Hiki kiti kando yangu nilimwekea yule dada. Jana dawa ilimtapisha usiku kucha. Akija, mumkumbatie polepole, bado ana maumivu. Mimi mnikumbatie vile mnataka. Soksi nilimrudishia mwenyewe.