Ezelina Kadammanja, Kungwi Aliyengoja Shule Zifungwe

Bibi Ezelina Kadammanja, tunayemlaza leo katika udongo wa kwao, alizaliwa tarehe 3 Februari 1955 hapa Mkhwidzi, wilaya ya Dedza, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lifa na marehemu Mama Nasitesi. Uchungu ulimshika mama yake shambani akichimba viazi. Ndiyo maana mama huyo alizoea kumtania kwamba alikuja duniani na matope na hakuwahi kuyapangusa yote.

Mwaka 1963 aliingia shule ya msingi ya hapa kijijini. Alikuwa mwepesi wa hesabu. Mei 1969, akiwa darasa la sita, alitolewa shuleni kwenda unyagoni, na alipotoka muhula ulikuwa umekwisha. Wazee wakaona msichana aliyekwisha kufundwa hana la kujifunza tena kwa mwalimu. Jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni, na hakulificha.

Julai 1972 alifunga ndoa kanisani na Petulo Chisenga, seremala wa Ntcheu, aliyehamia kwetu kama ada yetu inavyomtaka mume. Mzee Petulo alipenda kusema kwamba katika nyumba ile yeye ni mgeni wa kudumu, na mgeni hapangi sheria. Walijaliwa watoto watano. Mzee alitangulia mbele ya haki mwaka 2001.

Marehemu aliishi kwa kulima viazi na maharage, lakini heshima yake ilikuwa ukungwi, aliourithi kwa mama yake. Karibu kila mama aliyeketi hapa leo alipita mikononi mwake. Mwaka 2006 binti yake wa mwisho, Lusiya, alishika mimba akiwa darasa la nane. Watu walisema yamekwisha. Marehemu alilia siku ile, kisha akamrudisha binti shuleni mara tu alipojifungua, naye mwenyewe akawa anaketi nje, chini ya dirisha la darasa, akimbembeleza mjukuu mpaka kengele ya mapumziko. Lusiya leo ni mwalimu. Mjukuu yule ni Tamandani.

Tangu hapo hakutulia. Aliongoza kikundi cha akina mama wa shule kwa miaka kumi na sita. Msichana akikosekana darasani, jioni kungwi alibisha hodi kwao. Waliokosa shule kila mwezi kwa aibu ya nguo aliwashonea vitambaa vya hedhi kwa vitenge vyake vikuukuu, tena akawafundisha kushona vya kwao.

Wengi mnakumbuka Mei 2011. Mavuno yalikuwa mazuri, na mdogo wake, Bwana Sadulo, mjomba na kiongozi wa ukoo wetu, alitangaza unyago wakati shule hazijafungwa. Pombe ikapikwa, kuku wakachinjwa. Kungwi akaja, akala, akanawa mikono, akajifunga kitenge vizuri ili aondoke.

"Nimeshiba, asanteni. Wari wangu nitawapokea Agosti."

"Dada, acha mzaha! Pombe imeiva, tuimwage?"

"Pombe ndiyo iliyoiva, Sadulo. Watoto bado. Kunyweni."

Bila kungwi hakuna unyago, na hakuna mwingine aliyethubutu kuushika mkoba wake wa ukungwi. Baraza la kijiji lilimtoza mbuzi, akamtoa. Mwaka uliofuata akafanya vilevile. Mwishowe kijiji kizima kikahamia Agosti, na Bwana Sadulo husema wazo lilikuwa lake.

Machi mwaka huu alipatwa na kiharusi. Alitibiwa katika hospitali ya wilaya, akarudi nyumbani, mkono wa kulia ukiwa umelegea ila ulimi mzima. Mwezi jana, Tamandani alipoanza mitihani ya kidato cha nne huko bwenini, aliwaita Bwana Sadulo na Lusiya kitandani.

"Nikifa kabla hajamaliza, msimwambie."

"Kwetu msiba haufichwi, dada," alisema Bwana Sadulo. "Bibi yake azikwe bila yeye kujua? Watu watatusema."

"Waseme. Mimi nitakuwa sisikii. Kaburi halina haraka, Sadulo. Mtihani una tarehe."

Bwana Sadulo alitoka nje. Alikataa kwa siku mbili, na siku ya tatu akarudi akamshika ule mkono uliolegea, akakubali. Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 7 Julai 2024, alfajiri.

Ameacha mdogo wake Sadulo, watoto wanne kati ya wale watano, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili. Mjukuu mmoja hayupo hapa. Msimtafute kwa macho, wala msimhesabie kukosa adabu. Hajui. Familia inawasihi: ratiba hii ya mazishi isipigwe picha, simu isipigwe kwa yeyote aliye karibu na shule ile. Lusiya hajalala tangu Jumapili kwa jambo hili, na linamuuma kuliko msiba wenyewe.

Ijumaa alasiri, karatasi ya mwisho ikishakusanywa, Bwana Sadulo atakuwa langoni. Yeye ndiye atakayemwambia, kwa kinywa chake, kama mjomba apasavyo, kisha atamleta moja kwa moja hapa kaburini. Jioni hiyo tutaanza kulia upya, kwa ajili yake. Anayeweza, aje.

Mungu akupe pumziko jema, kungwi wetu. Saa hii mtoto yuko darasani, anaandika.