Mbuzi wa Sharamo

Benchi letu liko nyuma ya soko la mifugo, Isiolo, na asubuhi hiyo halikukalika. Waqo wa boda, tunayemwita Mindset kwa zile klipu zake za kutajirika, alikaa, akasimama, akakaa tena. Ahmednur muuza miraa, Profesa wetu, alikoroga kahawa ambayo hata hakuitia sukari. Nafasi ya Sharamo ilikuwa wazi. Ukame ulimmalizia mbuzi wote, na Jumatatu alikuja kuomba busa gonofa, ile desturi ya Waborana ya kumtolea aliyepoteza kundi mnyama mmojammoja ili aanze tena. Tulimpa ushauri. Siku ya nne sasa hajaonekana, na simu imezimwa.

— Mimi nilimwambia ukweli, alisema Waqo. Jipange, bro. Hakuna mtu anakuja kukuokoa.

— Na uko na mbuzi kumi na nane Kulamawe, nikamwambia, mimi wanayeniita Wakili.

— Ni zangu, Wakili. Nimehustle pekee yangu.

— Pekee yako? Si mzee wako alianza na mbuzi za kupewa na ukoo?

— Hiyo ilikuwa enzi yao.

Profesa akakohoa.

— Shida ni mbuzi wenyewe. Wanatembea kundi, wanakufa kundi. Wangefundishwa kila mmoja ajitafutie, wenye bidii wangepona.

— Mbuzi wa kujitegemea, Profesa?

— Mbuzi, mtoto, hata nyanya yako. Ningekuwa serikali, kila raia ningempa wingu lake. Lisiponyesha, ajilaumu.

— Hiyo ndiyo mindset! Waqo akapiga makofi.

— Mnacheka na mwenzetu amezima simu! nikafoka.

Hapo akatokea Akiru, mama Mturkana anayeuza maziwa stendi, akivuta mbuzi jike kwa kamba.

— Habari zenu. Huyu ni wa Sharamo. Ako na mimba.

— Kwani mama, wewe ni ukoo wake? Waqo akauliza.

— Ukoo gani? Anakunywa maziwa yangu kila asubuhi. Hajakuja siku nne. Nionyesheni nyumba yake.

Waqo akamtazama Profesa. Profesa akanitazama mimi. Miaka tisa Sharamo amekaa hapa katikati yetu. Mimi, niliyeshinda mdahalo wa chuo juu ya ujirani, nikatazama viatu vyangu.

— Si nyinyi ni marafiki zake? Akiru akauliza.

Waqo akaruka juu ya pikipiki, akaiwasha. Ikanguruma pale pale. Kisha akaizima, maana hakujua aelekee wapi.