Dilruba Apa Atajibu Mwenyewe

Tarehe thelathini na moja Desemba, Dilruba Khanom, ambaye sote humwita Apa, yaani dada mkubwa, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika shule yetu ya wasichana, hapa kando ya mto mkoani Sylhet, Bangladesh. Muda wote amefundisha Kiingereza, hasa kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, na hapo hana mpinzani. Wasichana wake hawapotezi alama kwenye swali hilo la mtihani wa taifa. Hata chai haagizi kama sisi walimu wenzake: humwarifu mhudumu kwamba Dilruba Apa amesema ana kiu.

Mwaka wa mafuriko alipanda juu ya meza, sari kaikunja, akaendelea kufundisha maji yakipita chini ya madawati. Hakuahirisha kipindi.

Hili linalofuata nisingeliandika kwenye mwaliko huu wa sherehe ya kumuaga siku hiyo. Ni yeye aliyenibana: "Usipoandika na aibu yangu, siji. Mtakula biriani yenu peke yenu!"

Mwezi Oktoba alitutembelea Sabiha, binti aliyezaliwa London, ambaye mama yake alisoma hapa. Alimwendea Apa moja kwa moja, akamwuliza jambo kwa Kiingereza, harakaharaka. Apa akatabasamu. Akatabasamu tena. Mdomo haukufunguka. Mwalimu wa Kiingereza, jamani, na hajawahi kukizungumza na mtu! Jasho lilimtiririka, darasa zima likimtazama. Ikabidi mwanafunzi wake Nilufa amnong'oneze kwa Kibengali: "Apa, anauliza kama ulimfundisha mama yake."

Alimfundisha, tena alimpenda sana. Lakini aliitikia kwa kichwa tu, akaingia stoo ya vitabu, akajifungia. Tulimsikia akilia, "Nimeumbuka mie! Nimeumbuka mbele ya watoto wangu!" Tungemwambia nini, na sisi wenyewe tungekwama vilevile? Tuliona haya kutazamana.

Tangu siku hiyo hupita nyuma ya ofisi ili asikutane na macho ya watu. Sherehe aliikataa mara mbili. Kisha wiki iliyopita alimwandikia Sabiha aje na mama yake. Watakaa safu ya mbele, naye atasimama awajibu lile swali, kwa Kiingereza, bila karatasi.

Dilruba Apa, ahsante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na wajukuu watundu.

Nanyi wageni waalikwa, Apa ameomba zawadi moja tu siku hiyo: asisahihishwe.