Kiganja Chini ya Sufuria

Nawasalimu kwa salamu zenu zote, za msikitini na za kanisani, na kama kuna aliyebaki, basi habari za mchana. Wakubwa wangu, shikamooni. Mwenyekiti ameniomba niongee taratibu, maana nikifika kwenye hadithi hii huwa nakimbia kama mtu anayefukuzwa. Nitajitahidi. Sitamtaja mtu jina. Wengine mko humu humu ndani, tunajuana, msinikodolee macho.

Mnajua kazi yangu. Naandika kwenye mbao kwa moto. Nina jeli yangu, nzito kama dawa ya meno, na nina stensili, karatasi ngumu ya plastiki iliyokatwa maua na herufi. Naweka stensili juu ya ubao, napaka jeli, naiondoa, nasubiri ikauke. Ikishakauka huoni kitu, ubao uko mtupu. Halafu nachukua mashine ya kupuliza upepo wa moto, ile inayofanana na draya ya saluni, napuliza. Pale pale maua yanatoka. Meusi, yamezama ndani ya mbao, hufuti kwa maji wala kwa sabuni.

Niliijulia kwenye simu, nikaagiza jeli Dar es Salaam, nikaanza kuchora vibao vya harusi, sinia, miko, vibao vya majina ya maofisini. Pale Newala hakuna aliyewahi kuiona. Mteja anaangalia ubao mtupu, ghafla jina la mke wake linajitokeza lenyewe. "Yalaa! Umefanyaje?" Mimi nacheka tu. Nasema siri ya fundi. Nilipenda sana lile guno lao, nawaambia ukweli. Nilikuwa najiona mjanja wa mji mzima.

Karakana yenyewe ilikuwa ya mjomba, kaka mkubwa wa mama. Sisi watu wa kule juu mnatujua, mjomba ndiye mwenye sisi. Yeye ndiye aliyenilea, akanifundisha randa na msumeno. Huo msumeno ndio ulioondoka na ncha ya kidole changu cha kati, hiki hapa cha mkono wa kulia, mnakiona. Mjomba alilia kuliko mimi siku ile. Kaka wa mama, mwanamume mzima, anamlilia mtoto kidole!

Basi mjomba akaugua. Kuugua kwenyewe hakukuwa kwa muda mrefu. Akalazwa, na mimi nikabaki karakana kumalizia kazi za watu ili niende kumwuguza. Simu ikanikuta huko huko. Amefariki. Niliacha kila kitu kama kilivyo, nikapanda bodaboda, sikumbuki hata nilipitia wapi mpaka nikafika Kitangari kwa mama.

Tukazika. Mama hakulia. Alikaa tu kwenye mkeka anaangalia mlango, kama vile kaka yake ametoka kidogo.

Arobaini ikafika. Vijana wa ukoo wakaenda karakana kubeba mbao za kutumia jikoni, za kukatia nyama, za kusukumia unga, za kutegeshea masufuria. Tukapika. Asubuhi kina mama wanakaanga maandazi ya chai, sufuria pana, mafuta yanachemka mpaka yanatoa moshi. Mpishi akaona maandazi yanaungua, akaliepua lile sufuria motoni, akalitua juu ya ubao. Likakaa pale muda, tunacheka, tunapiga soga, mnajua jikoni kwa kina mama. Baadaye akaliinua alirudishe motoni.

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kusikia mwanamke akipiga yowe namna ile.

Chini ya sufuria kulikuwa na mkono. Kiganja cha mtu, cheusi, kimekaa ndani ya ubao, vidole vimetanuka. Mmoja akasema ni masizi. Wakafuta kwa kitambaa, hautoki. Wakasugua kwa majivu, hautoki. Wakaleta stili waya, wakasugua mpaka ubao ukaanza kuwa mweupe pembeni, mkono uko pale pale unatuangalia. Mpishi akatupa mwiko akakimbilia nje, anaita majina yote ya Mungu anayoyajua.

Halafu mmoja wa wakubwa zangu wa ukoo akainama, akaangalia vizuri. Akasema, "Kidole cha kati hakina ncha."

Wote wakanigeukia. Nami, mjinga mimi, nikauficha mkono ndani ya kanga. Mtu asiye na kosa anaficha nini? Lakini niliuficha, na mama aliniona. Alikuwa ameitwa na yale makelele, amesimama mlangoni. Akaja, akautoa mkono wangu kwenye kanga, akaulaza juu ya ule mkono wa kwenye ubao.

Ukaingia. Kidole kwa kidole. Nnungu wangu! Hata ule mkunjo wa kidole gumba.

Mama akauachia mkono wangu kama aliyeshika kaa la moto. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umemfanya nini kaka yangu?"

Cheka tu, mama wa pale nyuma, nakuona. Ingekuwa wewe ungeshavuka Ruvuma uko Msumbiji unatafuta chumba.

Mtaniuliza, kwani wewe hukujua? Kazi ni yako, jeli ni yako! Ndugu zangu, sikujua. Naapa. Jeli yangu mimi ilikuwa ya mashine na umeme na stensili za maua, ya karakana. Hapa kulikuwa na msiba, kuni, mafuta ya maandazi, na mkono wangu mwenyewe unatoka ndani ya ubao ambao sikumbuki kuugusa. Akili yote iliondoka. Nilijiogopa! Nilisema labda kweli, labda nina kitu ndani yangu ambacho sikijui, kinatoka nikilala kinakwenda kufanya kazi zake.

Chakula cha arobaini hakikuliwa. Wageni waliondoka mmoja mmoja, wengine bila kuaga. Jioni nikamchotea mama maji ya kunywa, nikampelekea kwa mikono miwili. Alikipokea kikombe. Akakiangalia. Akayamwaga chini.

Mliopanda kule juu mnaijua Kitangari na maji. Mnajua ndoo moja inatoka wapi na inafikaje nyumbani. Mama yangu, ambaye alikuwa akitupiga kwa kumwaga tone, aliyamwaga maji mchangani mbele ya macho yangu kwa sababu yametoka mkononi mwangu. Hapo ndipo nilipokufa. Mambo ya watu wengine ningeyameza. Hilo halikumezeka.

Nikarudi Newala, nikakuta vibao vyangu vimerudishwa mlangoni, vimelazwa kifudifudi. Vya harusi, vya sikukuu, hata kile cha mwalimu mkuu. Hakuna aliyegonga, hakuna aliyeniuliza neno. Nikafungasha, nikateremka Masasi, nikapanga chumba Mkomaindo kwa watu wasionijua. Nikawa nafua nguo za watu, tena nimeuviringisha ule mkono kitambaa, nasema nina kidonda. Kula nakula kwa kijiko. Mtoto wa jirani akinikimbilia nampokea kwa kiwiko. Binti yangu yuko shule ya bweni, likizo nikamwambia aende kwa baba yake, maana niliogopa nisije nikamgusa. Mwanangu wa kumzaa!

Sasa katika nyumba ile chumba cha pili alikaa mwalimu, mgeni wa huku, mtu wa bara. Yupo hapa, anajifanya anaandika. Huyu mama ana maswali, jamani! Akanibana, mbona kidonda hakiponi, mbona hukipeleki hospitali. Siku moja nikachoka, nikafungua kitambaa, nikamweleza yote. Nikasubiri akimbie.

Hakukimbia. Akaniuliza, "Mama Sofia, huo ubao ulikuwa wa kazi gani?"

Nikamwambia wa jikoni.

"Kabla ya jikoni."

Nikasema ulitoka karakana.

"Karakana ulikuwa unafanyiwa nini?"

Niliketi chini pale uani, kwenye maji ya kufulia, puu! Maana niliiona. Niliiona siku ile kama naiangalia kwenye runinga. Nimejaza jeli kiganjani, naisawazisha kwa mkono kwenye ubao mkubwa, stensili imeharibika nina haraka. Simu inaita. Naipokea kwa mkono wa kushoto. Sauti inasema mjomba hatunaye. Miguu inaisha nguvu, naegemea kwenye ubao mwingine uliokuwa pembeni kwa kiganja hiki hiki, kwa uzito wangu wote, nisianguke. Nikaegemea hapo mpaka nilipoweza kusimama.

Jeli ikakauka, haionekani. Ubao ukakaa karakana siku zote za msiba, umebeba mkono wangu, unangoja moto tu.

Nililia, nikacheka, nikalia tena. Mwalimu akasema maneno hayatoshi, tujaribu. Kopo la jeli lilikuwa uvunguni mwa kitanda, sikuwa nimeligusa. Tukachukua ubao wa kreti ya soda, nikapaka kiganja, nikakibandika, tukaanika. Mwalimu akaleta pasi yake ya mkaa, akaipuliza ikawaka, nikaikandamiza. Mkono ukaanza kutoka taratibu, kahawia, kisha mweusi. Na yeye ambaye wazo ni lake, alipiga kelele akapanda juu ya ndoo! Usikatae, mwalimu. Ulipanda.

Kesho yake tulipanda Kitangari, mimi na yeye, na pasi ndani ya kikapu, na kopo. Mama alikuwa kibarazani na wakubwa zangu wawili. Nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba kwa mbali, hakunitazama. Nikasema nimekuja kuonyesha jambo, mkishaona mkinifukuza nitaondoka na sitarudi. Mmoja akasema huyu amekuja kutumalizia na sisi tuliobaki. Akainuka aondoke.

Mama akasema, "Kaa." Kisha akaniambia, "Usiweke mkono wako. Weka wangu."

Sikulitegemea hilo. Jeli ikikataa je? Pasi ikipoa je? Lakini angeamini nini, mkono wangu ukitoka tena? Nikaushika mkono wa mama, mara ya kwanza tangu arobaini, nikaupaka jeli kidole kwa kidole. Akaulaza kwenye ubao, akaondoa. Tukangoja ikauke. Ubao mweupe, mtupu, wameupitisha mkono kwa mkono, hawaoni kitu.

Nikaweka pasi.

Ulipotoka, mama aliushika mdomo wake. Ni mkono wake, mpana, na kile kidole cha mwisho kilichopinda kwa kutwanga. Yule mkubwa wangu aliyetaka kuondoka akasema "Toba! Toba! Toba!" mpaka akaishiwa pumzi.

Mama akaufuata mkono ule kwa kidole. Akauliza, "Na ule wako uliuweka lini?"

Nikamweleza. Simu, miguu, ubao.

Ndipo mama alipomlilia kaka yake. Tangu kuzika hakuwa ametoa chozi, siku ile aliangua kilio majirani wakadhani tumefiwa upya. Akanivuta, akanilaza mapajani mtu mzima mimi, anarudia neno moja, "Kumbe ulikuwa unamlilia. Kumbe ulikuwa unamlilia, na mimi nikayamwaga maji yako."

Namshukuru Mungu. Nawashukuru nyinyi wa kikundi hiki, mlionipokea sina hata kiti, mkanipa meza ya kuanzia, mkakubali nichore vibao vya ukumbi huu kabla hamjajua mkono wangu una hadithi gani. Namshukuru mwalimu. Wengine walikuwa na majibu, yeye akawa na swali. Na nawashukuru hata wale wa Newala waliokuja kuvichukua tena vibao vyao, wakiwa wameinamisha vichwa. Nilitaka kuwatukana, mnanijua mdomo wangu. Mwalimu akanikanyaga mguu.

Nililojifunza ni dogo. Siku hizi kabla sijapaka, namwonyesha mteja kopo, anashika, ananusa, anajipaka mwenyewe akitaka. Guno lile nimeliacha. Na nyinyi nawaomba, ukiona jambo la kutisha limebeba alama ya mwenzako, nenda kwake, muulize. Hata kama unatetemeka, muulize ukitetemeka hivyo hivyo. Mimi nilikaa miezi yote ile na mkono wangu kwenye kitambaa, na hata mimi mwenyewe sikujiuliza.

Ule ubao wa jikoni ukoo walitaka uchomwe. Mama alikataa, akausimamisha chumbani karibu na kitanda chake. Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia, nikamkuta amekaa mbele yake, kiganja chake kimelala juu ya changu. Nikamuuliza, mama, unafanya nini? Akasema, "Namlilia kaka yangu. Sitaki kumlilia peke yangu."