Kiti cha Mbele cha Romani Ndunguru

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wanajumuiya, majirani zetu wa hapa Wazo, wazee mliofanya naye kazi kiwandani, watoto, wakwe na wajukuu, mimi ni Augustine Hyera, mdogo wake Eufrazia, yaani shemeji yake marehemu, na familia imenipa kazi hii ya kusoma maisha yake kwa sababu, wanasema, watoto wangeishia kulia, na mimi sijawahi kukosa la kusema juu ya Romani tangu siku alipokuja kuposa kwetu. Tumefiwa na tunaumia, lakini naomba niseme mapema kwamba nyumba hii leo ina uchungu na ina nafuu pia, na nikifika mwisho mtaelewa nafuu hiyo imetoka wapi.

Marehemu Romani Kosmas Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 katika kijiji cha Litembo, wilayani Mbinga, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kosmas na Mama Agata, akabatizwa mwezi huohuo katika parokia ya Litembo, na tangu utoto, kwa mujibu wa dada zake waliopo hapa, hakuna kitu chenye nati kilichobaki salama mbele yake, ikiwemo mashine ya kusaga kahawa ya padre.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Litembo kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha mwaka 1974 akaja Dar es Salaam kusomea ufundi wa magari Chang'ombe, Temeke, akahitimu mwaka 1976, na mwezi Februari 1977 akaajiriwa katika karakana ya malori ya kiwanda cha saruji, hapa Wazo, akafanya kazi hiyo bila kuhama mpaka alipostaafu mwezi Agosti 2016, akiwa na heshima zake zote na vumbi jeupe ambalo dada yangu anasema halijatoka kwenye kola za mashati hadi leo.

Alifunga ndoa takatifu na dada yangu, Eufrazia Hyera, tarehe 22 Septemba 1984, kulekule Litembo, nami nilikuwa mbeba pete, nao wakajaliwa watoto watatu, Demetria aliyezaliwa mwaka 1986, Rogers mwaka 1989 na Jenipher mwaka 1994, na wajukuu ambao leo wamevaa fulana zenye picha ya babu yao. Ilikuwa ndoa ya watu wawili wabishi. Dada yangu akisema hapana, ni hapana, na Romani akisema kitu kinawezekana, atakifungua na kukifunga mpaka kiwezekane, kwa hiyo nyie wenyewe pateni picha.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu historia hii haiwezi kusomwa bila lile gari la kijani lililoegeshwa pale nyuma ya turubai.

Mwaka 2017, baada ya kustaafu, Romani alinunua ile Subaru yenye tabo, yaani ile feni inayosukumia injini hewa kwa nguvu ili gari lipande mlima kwa kishindo, akiwa na nia moja tu aliyoitangaza mbele ya kila mtu, kwamba dada yangu, ambaye magoti yalishaanza kumsumbua, asitembee tena kwa miguu kwenda kanisani wala kliniki, na kiti cha mbele kushoto kilikuwa chake, hata mimi nikikikalia nilikuwa nainuliwa. Lakini gari lile lilikuwa linabugia petroli, mzee wa pensheni halimudu, na mwaka 2019 akaamua kulibadilisha litumie gesi ya mitungi, hii tunayopikia, akafunga tangi la gesi la magari pale linapokaa tairi la akiba, na mbele akafunga kifaa cha kuchanganya gesi na hewa. Kifaa kile, na hili alilisema mwenyewe miaka yote bila kumsingizia mtu, kilikuwa cha injini ya kawaida isiyo na tabo.

Jumapili ya tarehe 22 Septemba 2019 ilikuwa jubilei yao ya miaka thelathini na mitano ya ndoa. Dada yangu alikaa kiti cha mbele, kitenge kipya, kilemba kimesimama, kwaya imejipanga getini na vigelegele vimeshaanza, na Romani, kwa furaha, akakanyaga mafuta kwenye kile kimlima cha kuingilia kanisani, tabo ikasukuma hewa nyingi, gesi ikawa haitoshi, moto ukarudi nyuma kwenye bomba la hewa, likalia kama baruti, bomba likachomoka, watu wa kwaya wakalala chini, na Baba Paroko wa wakati ule akakimbilia sakristia. Hakuumia mtu, tunamshukuru Mungu. Dada yangu alishuka, akatengeneza kilemba, akamwambia mbele ya parokia nzima, "Baba Demetria, mie na hilo bomu lako ndo basi, mpaka nafukiwa." Wakarudia viapo vyao vya ndoa dakika chache baadaye, na nilikuwa nimesimama karibu, naweza kushuhudia kwamba kile cha kupendana alikisema kwa meno yaliyobana.

Kuanzia siku hiyo dada yangu akawa anapanda bajaji ya kijana wetu Mudathir, ambaye nimemwona pale nyuma, na Romani akaingia kazini. Alilifungua gari lote, akalifunga upya kwa mfumo ambao kila silinda inapata pua yake ya kupulizia gesi, akaweka kipunguza mgandamizo wa gesi kikubwa zaidi, kilichoungwa kwa mpira mwembamba na njia ya hewa ili tabo ikiongeza hewa gesi nayo iongezeke palepale, akabadilisha plagi, akawa analijaribu kila Jumamosi kwenye mlima huu wa Wazo, akilipandisha na kulishusha mpaka walinzi wa kiwanda wakaacha hata kumpungia mkono. Likawa zima kabisa. Lilikuwa linawaka kwa petroli, injini ikishapata moto unasikia mlio mdogo, tik, na gesi inaingia, basi, huwezi kujua tofauti.

Dada yangu hakutaka kujua tofauti. Kila Jumapili Romani alimfungulia mlango wa mbele, akasimama ameushika, dada akampita kama anapita nguzo ya umeme, akapanda bajaji, na Romani akafunga mlango taratibu, akaifuata bajaji kwa nyuma, kiti cha mbele kitupu, hadi kanisani. Baadaye mambo yalilegea kidogo, dada akaruhusu mkoba wake upande, halafu mwavuli, na ikafika wakati hata sufuria la pilau la jumuiya likawa linakaa kile kiti na kufungwa mkanda, na mimi nilimtania sana shemeji kwamba ameoa sufuria. Alicheka na mimi, lakini nilimjua, ilikuwa inamuuma. Aliwahi kuniambia, "Braza, nimetengeneza malori ya kubeba mlima, nashindwa kumbeba mke wangu."

Tarehe 8 Novemba 2023, siku ya Jumatano, asubuhi, Romani alianguka uani, mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukalegea. Jenipher alikuwepo nyumbani, akawahi funguo za gari, lakini dada yangu alikataa mgonjwa kuingizwa mle, akampigia Mudathir aje haraka. Nayasema haya kama walivyonisimulia wenyewe, dada na Mudathir.

"Shikamoo mama," Mudathir akasema, "leo mtanisamehe, niko foleni ya gesi tangu alfajiri, sijafikiwa."

"Marahaba. Gesi ya nini?"

"Ya bajaji, mama. Si ndo inatembelea."

"Tangu lini?"

"Tangu naichukua. Mtungi si uko hapo chini ya siti, unaukaliaga kila Jumapili. Mzee alinikatazaga nisikwambie."

Dada yangu anasema alisimama na simu sikioni, akamtazama mume wake aliyelala kwenye mkeka, miaka minne yote akaiona mara moja, kisha akaikata simu na kusema, "Jenipher, washa." Wakamwingiza wote wawili kiti cha nyuma, kichwa cha Romani kikawa mapajani kwa mke wake, na gari likaondoka. Walipoanza kuteremka kuelekea barabara kubwa Romani, kwa ulimi uliokuwa mzito, akauliza, "Gesi imeingia?" na dada yangu, ambaye alikuwa amekaza macho dirishani akiomba rozari yote kwa pamoja, akasikia ule mlio mdogo kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamjibu, "Imeingia, Baba Demetria, tulia." Gari halikukohoa hata mara moja mpaka mlango wa hospitali, na daktari akasema wamewahi.

Siku ya tatu wodini, ulimi ulipofunguka, dada alimuuliza kwa nini alinyamaza wakati angeweza kushinda ubishi wote kwa neno moja. Akamjibu, "Ungeacha na bajaji. Ungetembea, na magoti yale." Hakuongeza kitu. Mudathir ndiye aliyetueleza mengine alipokuja kumwangalia mgonjwa, kwamba kila Jumamosi jioni mzee alikuwa anakwenda kijiweni kwake na kopo la povu la sabuni, anapaka kwenye maungio ya ule mtungi wa bajaji, moja baada ya jingine, anainama kuangalia kama kuna kiputo kinachotokea, na asiporidhika bajaji haiondoki. Hapo ndipo dada yangu alipolia, tena kwa sauti, kwa sababu miaka ile yote alikuwa anawagombeza wajukuu kwamba wanamaliza sabuni.

Mungu alitupa muda mwingine na Romani, mwaka na nusu na zaidi, na huo ndio mzizi wa nafuu niliyoisema. Mkono wa kulia haukurudi, hakuweza tena kuendesha, kwa hiyo Jenipher aliendesha, marehemu alikaa nyuma na fimbo yake, na kile kiti cha mbele kikampata mwenyewe, kliniki kila mwezi, kanisa kila Jumapili, na siku moja hadi Kawe kula samaki bila sababu yoyote. Nilipanda nao mara nyingi, nikamwona shemeji yangu pale nyuma akiangalia kilemba cha mke wake kwa mbele, amefumba mdomo kama mtu aliyeweka pipi ndani, na sijui kama nimewahi kuona mtu aliyeridhika namna ile.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2025 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa kwa wiki mbili, akarudishwa nyumbani kwa ombi lake, na Jumamosi ya tarehe 7 Juni, asubuhi, akiwa amekunywa uji na dada yangu ameshika bakuli, alifumba macho bila kuhangaika, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Hakuacha ugomvi, hakuacha neno ambalo halijasemwa, na kwa hilo tunapumua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa vipindi vyote viwili, majirani mliolala hapa na sisi tangu Jumamosi, jumuiya kwa sala na kwa kupika, wazee wa karakana mliochimba kaburi kwa mikono yenu ingawa tuliwaambia mpumzike, na kipekee tunamshukuru Mudathir, kwa kuweka siri, na kwa kuitoa siku inayofaa.

Kuhusu msafara wa kwenda makaburini, gari la kijani litafuata nyuma ya jeneza, Jenipher ataendesha, na dada yangu atakaa kiti cha mbele, amesema hivyo mwenyewe, hakuombwa na mtu. Litasimama kidogo hapo getini hadi injini ipate moto, naomba msipige honi na msilipite, mkisikia tik ndipo tuondoke.

Pumzika kwa amani, shemeji yangu, gesi imeingia, na dada yumo ndani.